Kosa la Salvina Lina Namba Yake

Huko Kibosho juu, ambako migomba imesongamana mpaka kuku wanapishana kwa zamu, kulikuwa na kipindi mtu akitaka kukutukana hakuhangaika kumtaja mama yako. Alikuambia tu, "Wewe ni tisini na tisa." Ukabaki umejikunja. Mume aliyelewa mbege kabla jua halijakausha umande alikuwa tisini na tisa. Mchumba aliyeahidi kuja kujitambulisha na asitokee alikuwa tisini na tisa. Hata Jumapili ile mahubiri yalipopitiliza mpaka machalari ya ndizi yakaungulia jikoni kwa watu, waumini walitoka kanisani wakinong'onezana, kwa heshima zote, kwamba leo padri katoa tisini na tisa.

Tusi hilo hawakuliacha wahenga. Lilitoka kwenye kompyuta, na aliyelizika ni Victoria, binti wa Filemon, mzaliwa wa Shirimatunda.

Victoria si mtu wa kusimamishiwa sanamu. Ni mfupi, anacheka kwa pua, na akiwaza jambo hutafuna kifuniko cha kalamu mpaka kinakuwa kama mfupa uliopita kwa mbwa. Alimaliza chuo cha kompyuta, jambo ambalo si kila mwenye akili hulifanya, akarudi nyumbani na cheti ambacho mama yake alikitundika sebuleni kati ya picha ya Bikira Maria na kalenda ya duka la pembejeo. Wageni wakimuuliza mama yake binti anafanya kazi gani, hujibu, "Anaandika makosa ya kompyuta."

"Kwani zenyewe zilikuwa hazijui kukosea?"

"Zinakosea. Ila zilikuwa hazijui kusema."

Jibu hilo lina ukweli kuliko mama mwenyewe anavyodhani. Ukitaka kujua ugonjwa huo wa Victoria ulianzia wapi, rudi naye shule ya msingi, darasa la nne. Siku hiyo mtu alipiga mluzi mwalimu akiwa ameupa ubao uso. Mwalimu aligeuka, hakuuliza, akaamuru darasa zima linyooshe mikono. Fimbo ilitembea dawati kwa dawati kama sadaka. Ilipofika kwa Victoria, aliuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, kosa langu ni lipi?" Akala mbili: moja ya mluzi ambao hakuupiga, ya pili ya swali alilouliza. Wenzake walisahau kabla ya kengele ya uji. Yeye hakusahau. Tangu hapo akaamini kwamba kuadhibiwa kunavumilika, ila kuadhibiwa bila kutajiwa kosa ni uchawi.

Kazi alipata mjini Moshi, kwa Ketan. Ofisi ya Ketan iko ghorofani, juu ya duka la vipuri la baba yake, Mzee Mahendra, na ngazi zake zinanuka grisi mpaka mteja anafika juu akiwa tayari ameamini kwamba hapa kuna mafundi. Mahendra alizaliwa Moshi, baba yake alizaliwa Moshi, na Kichagga chake kinawaaibisha vijana wa Kibosho wanaokuja kununua bearing huku wakiongea kama wamekulia Kinondoni. Watu wa mlimani humwita Meku, yaani mzee, na yeye huitika kama aliyebatizwa hivyo.

Ketan ndiye aliyewatengenezea akina mama wa Kibosho programu ya maziwa. Kituo chao cha kukusanya maziwa kinaitwa Tumaini. Kila asubuhi akina mama wanashuka na ndoo zao, karani anapima maziwa, anaandika kwenye kishikwambi, na kishikwambi kinatuma habari mjini kwenye kanzidata, ile ghala kubwa ambamo kila mama, kila ng'ombe na kila ndoo ina mahali pake. Ikiwa sawa, kioo kinakuwa kijani. Ikiwa si sawa, kioo kinakuwa chekundu na kutoa namba ya kosa.

Namba yenyewe ilikuwa moja. Ketan aliandika programu ile kwa haraka kabla Victoria hajaajiriwa, na alipofika kwenye makosa alikuwa na njaa. Akaweka tisini na tisa kwa kila kitu. Umeme ukikatika, tisini na tisa. Jina likikosewa herufi, tisini na tisa. Maziwa yakiwa mepesi kuliko inavyotakiwa, tisini na tisa. Ni lile darasa la nne tena, zima zima, mikono imenyooshwa.

Sasa binadamu hawezi kuishi na namba isiyo na maana. Usipompa maana ataitafuta mwenyewe, na ataipata pabaya. Mara ya kwanza kioo kuwa chekundu pale Tumaini ilikuwa kwa maziwa ya Martin, mwanamume pekee kwenye foleni, ambaye mkewe alikuwa amesafiri Tarakea. Kipima maziwa kilizama kwenye ndoo yake kama jiwe. Martin alikuwa amechanganya na maji ya mfereji, tena bila hata kuyachuja, kulikuwa na kipande cha jani ndani. Kioo kikasema KOSA 99. Akina mama wakaangaliana, wakatikisa vichwa, na kuanzia asubuhi hiyo mlima mzima ukajua: tisini na tisa maana yake umetia maji.

Na kutia maji kwenye maziwa, kule, si kosa dogo. Ukizini utaungama. Ukilewa utalala. Ukitia maji, watoto wako wataoa mbali.

Ndipo zamu ikamfika Salvina.

Salvina ni dada yake Filemon, yaani shangazi yake Victoria. Ng'ombe wake wawili wanalala pazuri kuliko wapangaji wengi wa mjini, na migomba anayowakatia anaichagua kwa kuigonga kwa kidole kama anayechagua tikiti. Alikuwa wa kwanza kwenye foleni kila siku, ndoo inang'aa, kitambaa cheupe juu, kidevu mbele. Asubuhi hiyo karani, dada mmoja mpole anayeitwa Esther, alipima maziwa yake yakawa mazuri kama kawaida. Akabonyeza tuma. Mtandao ukasuasua. Akabonyeza tena.

Chekundu. KOSA 99.

Esther alitazama kipima maziwa, kikiwa kimeelea vizuri, akatazama kioo.

"Mama, labda kimekosea," alisema.

"Kamati ilisemaje?" aliuliza Martha kutoka nyuma. Martha ni jirani yake Salvina, wametenganishwa na mpaka wa mimea ya masale na miaka mingi ya kupimana. "Si tulikubaliana mashine ikisema imesema? Si ndiyo sababu tuliileta? Kompyuta haina shangazi."

Ni kweli walikubaliana. Zamani karani alikuwa anapokea maziwa ya ndugu zake macho yakiwa yamefumbwa, ndiyo maana walitaka kitu kisicho na ukoo. Salvina mwenyewe ndiye aliyepiga meza siku ile kutaka iwe hivyo. Akafunika ndoo yake, akaiinua kichwani, akapanda nayo kilima mchana kweupe, kupita mbele ya kanisa, kupita dukani, kupita kila mtu. Hakuna aliyemsema kitu. Wote walimsalimia vizuri sana, na hilo ndilo lililomuua.

Kesho yake hakushuka, wala keshokutwa. Maziwa alinywesha ndama, mengine akagandisha, mengine akagawia watoto wa jirani waliokwenda kuyachukua huku mama zao wakiyaonja kwanza kwa ncha ya ulimi.

Victoria alipopata habari alipanda siku hiyo hiyo. Alimkuta shangazi yake anapasua mgomba kwa panga kwa nguvu kuliko mgomba ulivyohitaji.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekuja kama mtoto wa Filemon au umetumwa na mashine?"

"Vyote viwili."

"Basi mtoto wa Filemon akae, kuna ndizi. Mashine ibaki nje."

Victoria alikaa. Alikula kwanza, maana anamfahamu. Kisha akasema, "Shangazi, ile mashine haikusema umetia maji."

"Ilisema nini?"

Victoria aliijua programu ile. "Ilisema... haijui."

Salvina aliweka panga chini. "Mtu asiyejua hunyamaza, Victoria. Au husema sijui. Hawi mwekundu mbele za watu."

"Ni kweli."

"Mimi sirudi pale mpaka aliyenitukana aje na isale."

Kwa asiyejua: isale, au masale yakiwa mengi, ni jani refu la mmea tunaopanda mipakani. Ukimkosea mtu, unachukua jani hilo, unalifunga fundo, unampelekea, na akishaletewa hawezi kukataa kusamehe. Mmea unaowagombanisha majirani juu ya mpaka ndio huo huo unaowapatanisha. Wachagga hatupotezi kitu.

"Nitaleta mimi," Victoria alisema.

"Wewe ulikuwa hujaajiriwa. Isale haliletwi kwa niaba, kama salamu za Krismasi. Nani alianza?"

"Mashine."

"Mashine ina mwenyewe."

Victoria aliteremka mjini akitafuna kifuniko cha kalamu. Jambo lenyewe lilikuwa wazi na lilimkereketa. Jina la shangazi yake lilikuwa limechafuka, na lingesafishika tu kama mlima mzima ungeona kwa macho yake kwamba tisini na tisa haimaanishi kitu. Akisema yeye kwa mdomo, watasema anamwoshea shangazi. Na kweli, alipofika stendi ya bodaboda alikuta maneno yameshamtangulia. Dereva alimwambia, "Dada, aisee, nasikia kompyuta kumbe ina shangazi."

Ketan alimsikiliza huku akila karanga.

"Vicky, mtumiaji hasomi namba. Anaona nyekundu, anapiga simu. Ndiyo biashara."

"Hasomi kwa sababu hakuna cha kusoma."

"Ukiweka namba hamsini nani atazikumbuka?"

"Wanakumbuka ubatizo wa kila mtoto wa kila ndugu mpaka wa bibi yake mume. Watakumbuka."

"Tuweke maandishi tu: samahani, jaribu tena."

"Ajaribu tena nini? Kujaribu tena ndiko kulikomponza."

Mzee Mahendra alikuwa amepanda kuja kutafuta miwani yake, ambayo huwa anaitafuta kila kunapokuwa na ugomvi wa kusikiliza. Alimwambia mwanawe, "Ketan, shuka dukani uniletee bearing."

"Ya gari gani, baba?"

"Tisini na tisa."

"Baba."

"Mteja amesimama pale, anataka bearing. Nimemwambia namba yake tisini na tisa. Mletee."

"Zote haziwezi kuwa namba moja, baba, utampa mtu wa trekta bearing ya..." Karanga zilibaki mkononi.

"Endelea," alisema Mahendra. "Nimekusomesha kwa kila sanduku kuwa na namba yake. Endelea, nasikiliza."

Kesho yake asubuhi Victoria alikuwa Tumaini kabla ya foleni. Aliomba jambo moja tu: maziwa mazuri kuliko yote yaliyoletwa siku hiyo. Esther alipima, akasema leo ni ya Martha. Martha alijivuta mbele, kanga ikirekebishwa.

"Tuma," Victoria alimwambia Esther. Esther akabonyeza. Hapo hapo Victoria akachomoa waya wa mtandao ukutani, akahesabu kimoyomoyo, akaurudisha. "Tuma tena."

Chekundu. KOSA 99.

Watu wengi walitaka kucheka na hawakujua kama inaruhusiwa.

"Mimi sijatia maji," alisema Martha.

"Najua, mama."

"Nimekamua mwenyewe. Mungu ananiona."

"Mungu anakuona, mama. Kompyuta ndiyo haikuoni." Victoria akaandika jina la ng'ombe asiyekuwepo: tisini na tisa. Akaweka ndoo tupu: tisini na tisa. Akaandika jina la katekista, ambaye pale kijijini wako wawili wa jina hilo na mashine haikujua imshike yupi: tisini na tisa. Katekista mwenyewe alikuwepo, akajishika kifua.

Ndipo akawaeleza, na aliwaeleza vizuri. Siku ile Esther alipobonyeza mara ya kwanza, maziwa ya Salvina yalifika mjini salama, yakapokelewa, yakapewa daraja la kwanza. Ila jibu lilikatikia njiani. Esther hakuliona, akatuma tena. Kanzidata ikauliza: mbona unaniletea nilichokwisha kupokea? Hilo lilikuwa swali zuri, hata la kiungwana. Lakini lilipopita kwenye programu likakuta mdomo wenye neno moja tu.

"Kwa hiyo," alisema Martin taratibu kutoka mkiani mwa foleni, "maziwa yake yalipokelewa, halafu akatukanwa."

"Ndiyo."

"Na ya kwangu?"

"Ya kwako yalikuwa na maji, Martin," walijibu watu wengi kwa pamoja.

Kazi iliyofuata Victoria aliifanya pale pale, kwenye mabenchi ya kituo, na kamati. Wataalamu wa mjini wangejifungia chumbani na kiyoyozi. Yeye alitaka waliopigwa ndio wataje makosa. Aliwaambia kila namba lazima ijibu maswali matatu: kosa ni la nani, maziwa yanapokelewa au hapana, na mtu afanye nini sasa. Isiyojibu yote matatu haiingii. Kisha akazigawa kiukoo, maana huko ukoo unaeleweka kuliko hesabu. Mia moja na kuendelea ni ukoo wa mashine. Mia mbili, mtandao na umeme. Mia tatu, mtu. Mia nne, ng'ombe na anayemtunza. Ukiona tarakimu ya kwanza tu umeshajua lawama iende kwa nani, na kama uko ukoo wa mia moja au mia mbili, unatembea kifua mbele.

Usidhani ilikuwa rahisi. Akina mama walipogundua kwamba dhambi zinaweza kupewa namba, walichangamka kupita kiasi. Mmoja alitaka namba ya mtu anayechelewesha foleni kwa kusimulia harusi. Mwingine alitaka ya ng'ombe aliyeazimwa kwa mkwe. Martha alipendekeza namba ya majivuno.

"Maziwa yanapokelewa au hapana?" Victoria alimuuliza.

"Ya mtu mwenye majivuno? Yanapokelewa."

"Basi si kosa, mama."

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya jambo la mwisho. Je, mashine ikikutana na kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifikiria? Kamati ilitaka ikatae, kwa usalama. Victoria alisimama. Sauti yake, ambayo kwa kawaida hucheza, ilinyooka.

"Ikiwa haijui, iseme haijui. Iseme kosa ni langu mimi. Maziwa yapimwe kwa kipimo, yapokelewe kwa kipimo, na nipigiwe simu mimi nije nitafute. Mtu asiadhibiwe kwa ujinga wa mashine." Hiyo ikawa mia tisa. Mpaka leo simu yake hulia mara chache kwa ajili ya mia tisa, na kila ikilia hucheka kwa pua, maana kuna kosa jipya duniani linalosubiri jina.

Ikabaki isale.

Ketan alipoambiwa, alijitetea kama mtoto wa mjini. "Nitamkosea vipi mtu ambaye sijawahi kumwona? Seva ndiyo iliyojibu."

"Seva haina miguu," Victoria alisema.

"Kuna masale kwenye uzio wa makaburi," alisema Mahendra bila kuinua macho kutoka kwenye sanduku la boliti. "Ila usikate ya makaburini, utaleta mambo mengine. Kata ya nyumbani. Na gari naendesha mimi, wewe ukifika kwenye ile kona utageuza."

Walipanda watatu, Jumamosi, Ketan amevaa shati la harusini, isale mapajani, fundo lake limefungwa vibaya na kufunguliwa na kufungwa tena na Mahendra. Salvina alikuwa amekaa mlangoni. Alikuwa ameshaambiwa wanakuja, kwa hiyo alikuwa amevaa kama mtu ambaye hajaambiwa kitu lakini huwa anavaa hivyo kila siku.

"Karibuni. Meku, za siku nyingi."

"Nzuri, Mama Theodory," alijibu Mahendra, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza kama kila mtu afanyavyo. "Nimekuletea mwanangu. Amevunja kitu kwako."

Ketan akasogea. Maneno aliyoyapanga kwenye gari yalikuwa yameshuka kwenye ile kona. "Shikamoo mama. Niliandika programu kwa uvivu. Niliweka neno moja kwa makosa yote, likakuangukia wewe. Kosa ni langu." Akanyoosha jani kwa mikono miwili.

Salvina alilitazama. "Isale halikataliwi," alisema. "Lakini hakuna sheria inayosema nilipokee haraka."

Akaliacha lining'inie mikononi mwa Ketan kwa muda wa kutosha mtu kutafakari maisha yake. Kisha akalichukua.

"Na ikitokea tena kama siku ile, itasema nini?"

Ketan akafungua kishikwambi, akamwonyesha. Kioo hakikuwa chekundu, kilikuwa cha njano. Kiliandika: 204. MAZIWA YAKO YALISHAPOKELEWA. MTANDAO ULIKATIKA. KOSA SI LAKO. USITUME TENA. POLE.

"Sina miwani," alisema Salvina. Miwani ilikuwa imening'inia shingoni. "Martha," aliita juu ya mpaka, "hebu njoo unisomee kitu hapa."

Martha alikuwa karibu sana na mpaka, kwa bahati. Akaja. Akasoma. Salvina akasema hakusikia vizuri lile neno la kati, akasoma tena. Victoria aliangalia migomba, kwa sababu angemwangalia shangazi yake angecheka kwa pua, na ile haikuwa siku ya pua.

Jumatatu Salvina akarudi. Habari zilikuwa zimetangulia, na Tumaini ilijaa watu ambao hata ng'ombe hawana. Victoria alikuwepo, anasema alikuja kukagua betri. Salvina aliteremka taratibu, ndoo inang'aa, kitambaa cheupe, kidevu mahali pake. Esther akapima: mazuri. Akaandika. Akabonyeza tuma. Mtandao siku hiyo ulikuwa mzuri kupita zote.

Kioo kikawa chekundu.

Esther aliangalia namba, akamwangalia Victoria. Mtu fulani nyuma alivuta pumzi. Alikuwa Martha, na tumsifu, safari hii hakutaja kamati.

"Soma," alisema Salvina.

"Mama..."

"Si mlisema inajua kusema? Soma kwa sauti, watu wametoka mbali."

"Mia nne na tatu," alisoma Esther. "Ng'ombe bado yuko kwenye dawa. Maziwa yasipokelewe. Lete tena daktari akishamruhusu. Kosa ni la... kosa ni la mfugaji."

Salvina alihesabu kwa vidole. Ng'ombe wake mkubwa alikuwa amechomwa sindano za kiwele na daktari wa mifugo, aliyeandika kwenye mfumo kama alivyoelekezwa. Siku za kusubiri dawa iishe kwenye maziwa, Salvina alizihesabu kuanzia sindano ya kwanza. Zinahesabiwa kuanzia ya mwisho. Haraka ya kurudi na kidevu chake ilikuwa imemhesabia vibaya. Victoria aliuona uso wa shangazi yake ukipita kwenye hesabu hiyo, hatua kwa hatua, na akajua kwamba angeweza, kwa vidole viwili, kuifanya mashine inyamaze. Vidole vilibaki kwenye kalamu.

"Mia nne," alisema Salvina. "Ukoo wa ng'ombe."

"Ndiyo mama."

"Siyo ya maji."

"Ya maji ni mia tatu na moja, mama."

"Ya Martin," alisema Martin mwenyewe, kwa unyonge.

Salvina akafunika ndoo yake, akaiinua kichwani. Kisha akageukia foleni, na hapa Victoria anakiri kwamba machozi yalimtoka, ingawa anadai ni moshi wa mkaa wa muuza maandazi. Kwa sababu shangazi yake alikuwa anatabasamu.

"Hilo langu," alisema Salvina. "Nimelikosea mwenyewe na limeandikwa vizuri." Akamtafuta Martha kwa macho mpaka akampata. "Mlisema kompyuta ina shangazi. Shangazi mwenyewe ndiye mimi, na mmeona. Mtoto wa Filemon hajui kupendelea."

Akapanda kilima mchana kweupe na ndoo iliyokataliwa, kupita mbele ya kanisa, kupita dukani. Waliomsalimia aliwasimamisha, ndoo ikiwa kichwani, akawatajia namba kabla hawajauliza, kama mtu anayetaja matokeo ya mtihani wa mwanawe. Kwa muuza duka alifika mbali zaidi. Alimuuliza kama amewahi kukosea akatajiwa kosa lake lenyewe, si la mwingine, tena na mtu wa kwao aliyesoma. Muuza duka akasema hajawahi.

"Ndiyo hivyo," alisema Salvina. "Si kila mtu ana bahati."